Wahafidhina wa Uingereza wanalia nini na nchi wametawala wenyewe miaka 14?

Mtu wa Mbagala:

Wakuu habari za jioni. Naombeni mnisaidie jambo maana kichwa kinagonga. Mimi ni mpenzi wa siasa za Uingereza toka enzi za kusikiliza BBC kwenye redio ya mkulima, na siku hizi nikitoka kazini nakaa na simu nasikiliza wachambuzi wao wa mrengo wa kulia, GB News, The Spectator, Telegraph, na vijana wengine wenye podikasti zao. Ukiwasikiliza saa moja tu unaweza ukadhani nchi imepigwa mabomu. Mipaka hakuna, polisi wanakamata watu kwa twiti, wakulima wanaporwa mashamba, kanisa limepotea njia, ukitundika bendera ya nchi yako unaitwa mbaguzi.

Sasa swali langu. Conservative si ndio walikaa madarakani kuanzia 2010 mpaka Julai 2024? Mawaziri wakuu watano, Cameron, May, Boris, Truss na Sunak. Miaka 14, mtoto anazaliwa mpaka anaingia sekondari. Brexit walitaka wakaipata 2016. Sasa wanamlilia nani? Na mbona hata hao wachambuzi wao ukisikiliza vizuri wanawaponda Tory, yaani hao hao Conservative, kuliko wanavyomponda Starmer wa Labour?

La pili ndio linanichanganya zaidi. Waliokuwa wakali kuliko wote kwenye mambo ya wahamiaji ni watu ambao wazazi wao wametokea huku kwetu. Priti Patel wazazi wake Uganda. Suella Braverman baba yake Kenya. Sunak baba kazaliwa Kenya, mama kazaliwa Tanganyika. Na kiongozi wa chama kuanzia Novemba 2024 ni Kemi Badenoch, kakulia Lagos. Hii imekaaje?

Mwenye kuelewa aniweke sawa, asiyejua apite taratibu. Matusi hapana.

Mbeba Box Midlands:

Mkuu Mbagala umekuja mlango wenyewe. Nipo Nottinghamshire, nafanya kea, yaani kutunza wazee majumbani kwao, na jimbo ni Ashfield ambako mbunge ni Lee Anderson, kwaiyo hili swali lako mimi nalinywea chai kila asubuhi.

Anza na huyo mbunge mwenyewe. Alikuwa mchimba makaa ya mawe, akawa diwani kwa tiketi ya Labour, akahamia Conservative akachukua ubunge 2019, Sunak akampa unaibu mwenyekiti wa chama, Machi 2024 akahamia Reform, chama cha Nigel Farage cha kulia zaidi, akawa mbunge wao wa kwanza, Julai akagombea tena akashinda. Mtu mmoja vyama vitatu, na wapigakura ni walewale wa mitaa ileile. Ukiwaambia mmehamahama wanakukatalia, wanasema sisi tupo palepale, vyama ndio vimetuhama.

Kuna mzee naenda kwake asubuhi, namwogesha, nampa dawa, namwekea chai na mkate wa kuchoma. Nae alikuwa mgodini. Ule mgomo mkubwa wa 1984 wachimbaji wengi wa huku Nottinghamshire waliendelea kwenda kazini, na mpaka leo kuna familia hazisalimiani, ukimgusa hapo unapata hadithi mpaka muda wa shifti unakuishia. Labour maisha yake yote, 2019 akampa Boris, 2024 akampa Reform. TV yake ni GB News toka anaamka. Sasa nilimuuliza, mzee hasa hasa kinachokuuma ni nini, nikategemea ataanza na wahamiaji. Akaanza na meno. Daktari wa meno wa NHS, ile huduma ya afya ya serikali, hapatikani, kila kliniki wanakwambia hatuandikishi wapya, jino la nyuma alishalingoa mwenyewe na plaizi. Akaja kwenye maduka ya mjini, Woolworths ilikuwa pale imekufa, benki ilikuwa pale imefungwa, sasa hivi ni kinyozi, duka la vepu, kinyozi, duka la vepu. Akaja kwenye ile hela ya kupashia nyumba joto, pauni 200 mpaka 300 kwa mwaka, serikali ya Starmer ilivyoingia tu 2024 ikawakata wazee wengi, kelele zikapigwa, 2025 wakarudisha kwa wengi wao. Wahamiaji walikuja mwisho, hoteli za waomba hifadhi, na hapo ndio sauti ikapanda.

Alafu sikia hii. Julai 2025 serikali ilifunga kuleta watu wapya kutoka nje kwa viza ya kea. Mzee alifurahi kweli, anapiga mkono wa kiti. Haijapita dakika mbili ananigeukia, sasa wewe ukienda likizo kwenu nani atakuja? Nikamwambia mzee wangu hilo muulize mbunge wako.

Sasa kwanini wanaiponda Tory. Ni hesabu tu. 2010 Cameron aliahidi wahamiaji, namaanisha tofauti ya wanaoingia na wanaotoka, watashuka chini ya laki moja kwa mwaka. Hawakufika hata siku moja. 2019 Boris kwenye ilani akaahidi namba itashuka. Ikaenda zaidi ya laki tisa kwa mwaka mmoja ulioishia katikati ya 2023, haijawahi kutokea kwenye historia yao. Na sio kwamba walivamiwa. Waliandika wenyewe. Brexit ilipokamilika wakaleta mfumo wa pointi Januari 2021, kima cha mshahara cha viza ya kazi wakakishusha kutoka pauni 30,000 mpaka 25,600, mwanafunzi akimaliza chuo wakamruhusu kubaki miaka miwili afanye kazi, Februari 2022 wakaongeza na kea. Ongeza na watu wa Ukraine na Hong Kong. Sisi wengi humu wabeba box tumepitia mlango huo, tusidanganyane. Wenyewe mitandaoni wanaliita wimbi la Boris, na ukisikia mchambuzi anataja hilo jina kwa hasira jua mimi ni tone mojawapo.

Na sio uhamiaji tu. Ndoa za jinsia moja ilipitisha serikali ya Cameron 2013, na kura ya kwanza bungeni wabunge wengi wa chama chake mwenyewe walisema hapana kuliko waliosema ndiyo, sheria ikapita kwa kura za Labour na Liberal. Sheria ya kumaliza hewa chafu ifikapo 2050 ni Theresa May 2019, kwa sasa Badenoch ndie anaisema vibaya. Kodi zilipanda mpaka usawa ambao haujaonekana tangu miaka ya baada ya Vita ya Pili. Aliyejaribu kuzishusha ni Truss, akafanya bila kuonyesha hela itatoka wapi, soko likamgomea, siku 49 akatoka. Kwaiyo mhafidhina wa kawaida anakaa anajiuliza, nimeshinda uchaguzi mara nne nimehifadhi nini? Ndio hicho unachokisikia kwenye simu yako jioni.

Mimi mwenyewe ni mhafidhina, nasema wazi. Nimelelewa hivo, msikitini, wazazi, heshima kwa mkubwa. Nusu ya wanayosema hawa jamaa nakubaliana nayo kabisa. Hiyo nusu nyingine ndio inanitaka mimi nirudi Tabora.

Chuma Ulete:

Maneno meeengi. Ni ubaguzi wa rangi basi. Watu wanatundika bendera za England zenye msalaba wa St George kila nguzo ya taa alafu mnatuletea habari za meno.

Mbeba Box Midlands:

@Chuma Ulete wabaguzi wapo na nimekutana nao, kuna nyumba mpaka leo siendi maana mwenye nyumba aliniambia nisiguse vyombo vyake. Lakini zile bendera za Agosti 2025 njiani kwangu zilijaa na mzungu jirani yangu aliyepanda ngazi kuzifunga ndie alienisukumia gari lilipogoma kwenye barafu. Ukisema wote ni wabaguzi umemaliza mjadala na hujaelewa kitu. Lile andamano la London Septemba 13, polisi wenyewe walikadiria watu 110,000 mpaka 150,000, aliitisha Tommy Robinson, mwanaharakati wa mrengo mkali wa kulia, ambae hata Farage anamkwepa asionekane nae. Ndani ya hao kuna wahuni waliopigana na polisi na kuna mabibi waliokuja na viti vya kukunja. Mchambuzi mzuri atakutenganishia. Wengi hawatenganishi, wa kushoto wala wa kulia, maana kutenganisha hakuleti watazamaji.

Shiro wa Reading:

Wacha mimi nijibu hiyo ya pili juu naona kila mtu anaizunguka. Mimi ni Mkenya, nesi, na hii historia tulifundishwa nusu tu shuleni.

Kaka Mbagala, Wahindi wa Kenya tulipopata uhuru 1963 walipewa miaka miwili waamue kama watachukua uraia. Wengi walibaki na pasipoti za Uingereza. 1967 serikali ya Kenyatta ikaleta sheria za work permit na leseni za biashara kwa wasio raia, sasa watu wakaanza kufunga maduka River Road na Biashara Street wakipanda ndege. Na hawakuwa wanaomba hifadhi. Walikuwa na pasipoti ya Uingereza mkononi. Mwanzo wa 1968 London wakashtuka, na serikali ya nani ilifunga mlango? Labour. Waziri wa mambo ya ndani alikuwa James Callaghan, sheria ikapita bungeni kwa siku chache tu, ikisema pasipoti peke yake haitoshi, lazima mzazi au babu awe amezaliwa Uingereza. Yaani wenye mababu wazungu waingie, wengine wangoje foleni. Hao kina Fernandes, ukoo wa Braverman upande wa baba, ndio enzi hizo, baba yake alitoka Kenya mwaka huo huo wa 1968.

Aprili 20 mwaka huo ndio Enoch Powell akatoa ile hotuba yake kali ya kupinga wahamiaji Birmingham, yule wa Conservative, na Heath bosi wake akamfuta kwenye baraza kivuli siku iliyofuata. Sasa fast forward 1972, Amin anawapa Wahindi wa Uganda siku 90. Waziri mkuu ni huyo huyo Heath, Conservative. Halmashauri ya Leicester, na hii ilikuwa ya Labour, ikalipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia watu tafadhali msije Leicester, mji umejaa. Heath akasema hawa ni raia wetu tuna wajibu, wakaingia karibu 28,000. Na Leicester wakaenda tu, tangazo lenyewe ndio liliwaonyesha kumbe kuna mji unaitwa Leicester.

Kwa hivyo kwa hizo familia hadithi ya nyumbani ni kwamba Labour alitufungia na Tory akatufungulia. Ongeza na Thatcher wa maduka na kujitegemea, wazazi wa Priti Patel walikuwa na maduka ya magazeti, mama yake Sunak alikuwa na famasi Southampton. Ukitaka kuona hiyo kitu bado iko hai angalia uchaguzi wa 2024. Conservative walipigwa vibaya kuliko wakati wowote, wakabaki na viti 121, nchi nzima wakanyakua kiti kipya kimoja peke yake, na kilikuwa wapi? Leicester East. Sawa kura za Labour ziligawanyika pale na wagombea huru, lakini bado.

Sasa venye mtoto wa hiyo familia anakuwa mkali hivyo, mimi naona hivi. Kwao wao hawakuwa wahamiaji. Walikuwa Waingereza waliorudi kwao kwa njia ndefu, na waliingia na karatasi. Kwa hivyo akiona mtu aliyeingia kwa boti bila karatasi pale Dover hajioni mwenyewe hata kidogo. Na bado haiingii akilini mwangu. Priti Patel 2020 aliulizwa redioni kama wazazi wake wangeingia kwa ile sheria yake mpya ya pointi, akakubali kwamba huenda hawangeingia, na akaendelea na sheria. Mimi singeweza. Lakini simuiti mnafiki, juu angalau alijibu swali.

Badenoch ni kitu tofauti kabisa msimchanganye na hao. Yeye kazaliwa Wimbledon, kalelewa Lagos, karudi na miaka 16. Yake ni ile ya mtu aliyeona serikali mbovu kwa macho, stima hakuna, maji hakuna, anaogopa Uingereza isiwe hivyo. Wanaijeria wengi wanamkasirikia kwa hiyo maneno.

Mwanglikana Dodoma:

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mmegusa kila kitu mmeacha kanisa na hapo ndipo sisi tunaumia kweli.

Zamani walikuwa wanataniana kwamba Kanisa la England ni chama cha Conservative kikiwa kinasali. Leo soma safu yoyote ya mhafidhina wa Uingereza uone anavyowasema maaskofu. Maaskofu wanaokaa House of Lords, bunge lao la juu, na viti vyao ni 26, Juni 2022 waliandika barua kuupinga mpango wa serikali wa kupeleka waomba hifadhi Rwanda, wakauita aibu kwa taifa. Boris na wenzake walichukia. Alafu Februari 2023 sinodi yao ikapitisha maombi ya kuwabariki wapenzi wa jinsia moja. Novemba 2024 Welby, Askofu Mkuu wa Canterbury na kiongozi wa kanisa hilo, akajiuzulu kwa namna kanisa lilivyoshughulikia kesi ya John Smyth, aliyekuwa anawatesa vijana wa kambi za Kikristo, Uingereza na baadae Zimbabwe. Oktoba 2025 wakamtangaza Sarah Mullally, mwanamke wa kwanza kushika kiti cha Canterbury, zamani alikuwa nesi kama dada Shiro.

Huku kwetu ikawaje? Umoja wa GAFCON, wa Waanglikana wahafidhina, ulioanza Yerusalemu 2008, ukakutana Nairobi 2013, ukakutana Kigali Aprili 2023 na kusema Canterbury hawaitambui tena kama kiongozi, sasa mwenyekiti wake ni Askofu Mkuu Laurent Mbanda wa Rwanda. Alivyotangazwa Mullally, Mbanda akatoka na tamko kali, na wiki mbili baadae GAFCON wakasema wao ndio Ushirika wa Anglikana wenyewe. Wahafidhina wa London wakashangilia. Ukisoma wanavyoandika, Afrika ndio imebeba imani, maaskofu wa Afrika ni majasiri, Wazungu wamelala. Jumapili moja ya kawaida parokia zote za Kanisa la England zikijumlishwa hazifikishi watu milioni moja, na humo humo walioketi mbele Birmingham na London kusini ni Waafrika.

Sasa mnisaidie, maana mimi ni mchungaji wa parokia ndogo sio mwanasiasa. Mwandishi huyohuyo anayeandika Jumapili kwamba Waafrika wameokoa Ukristo, Jumatatu anaandika kwamba viza zao zifutwe. Ukristo wao anautaka uje bila wao? Nimewahi kumwandikia mmoja barua pepe kwa adabu kabisa kumuuliza hilo. Hajajibu, nadhani anaomba kwanza.

Mengine nawaunga mkono bila kificho. Ule muswada wa kumsaidia mgonjwa afe, Bunge la Commons lilipitisha Juni 2025 kwa kura 314 kwa 291, Badenoch alipiga hapana, na Labour wengi tu nao walipiga hapana, akiwemo Shabana Mahmood ambae ni Mwislamu. Hapo hakuna kulia wala kushoto, ni mtu na dhamiri yake.

Jirani wa Nyamirambo:

Mmeitaja Rwanda kwaiyo nachangia. Ule mpango Boris aliutangaza Aprili 2022. Juni ndege ikawa tayari uwanjani, mahakama ya Ulaya ya haki za binadamu ikaizuia usiku, na ndio maana mpaka leo wahafidhina wao wanataka kujitoa kwenye ule mkataba, Badenoch aliuweka rasmi kwenye mkutano wa chama Manchester Oktoba 2025. Novemba 2023 mahakama yao ya juu ikasema Rwanda sio salama. Sunak akapeleka bungeni sheria ya kusema Rwanda ni salama, yaani bunge likapiga kura kuhusu hali ya Kigali tukiwa tumekaa hapa tunakunywa chai. Starmer akaingia akaufuta. Hope Hostel ile iliyoandaliwa naijua, zamani walikaa wanafunzi yatima wa mauaji ya kimbari, ikatandikwa vitanda ikakaa inasubiri. Hela tulilipwa, pauni milioni 290, na waliokuja ni wanne tu, kwa hiari yao na wakapewa na pesa ya kuanzia.

Sasa kinachonishangaza, kila uchambuzi wa kulia niliousoma unalaumu majaji, maaskofu, watumishi wa serikali. Hakuna anayeuliza kama mpango wenyewe ulikuwa na akili. Boti moja ya watu 60 na hosteli ya watu kama mia, hata mtoto wa darasa la nne anapiga hiyo hesabu.

Na yule kijana wa Southport wa Julai 2024 aliyeua watoto wale watatu, mitandao ikasema ni mwomba hifadhi Mwislamu kaja na boti, watu wakavamia mahoteli na kujaribu kuyachoma. Kazaliwa Cardiff. Wazazi wake Wanyarwanda, sio Waislamu. Baada ya hapo sisi tukaanza kuulizwa maswali viwanja vya ndege.

Mtu wa Mbagala:

Wakuu nimepata darasa, Mungu awabariki, Mchungaji hapo kwenye barua pepe umeniua. Kwaiyo kwa nilivyoelewa hawa watu hawamlilii Labour, wanawalilia wenyewe.

Naomba niulize la nyongeza maana limegusa nyumbani. Mpwa wangu amepata masters huko, ana mke na mtoto mdogo, na kuna jamaa yetu yupo kwenye kea toka 2022 anasubiri miaka mitano apate ukazi wa kudumu alete mama. Hawa Reform wakishinda itakuaje? Na hiyo kesi ya twiti ni kweli au chumvi?

Mbeba Box Midlands:

Mwambie mpwa ukweli mapema. Toka Januari 2024 mwanafunzi wa masters ya kawaida haruhusiwi kuja na mke wala mtoto, na hiyo waliweka Tory wa Sunak. Na ile miaka miwili ya kubaki baada ya chuo inakuwa miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027, hiyo ni Labour.

Huyo wa kea ndio ananiuma maana ni mimi. Tulivyokuja tuliambiwa miaka mitano. Novemba 2025 Shabana Mahmood, waziri wa mambo ya ndani wa Labour, binti wa wahamiaji wa Kipakistani, akaleta pendekezo iwe 10 kwa wengi, na sisi wa viza ya kea 15. Farage Septemba 2025 alishasema yeye ataufuta ukazi wa kudumu kabisa, uombe viza upya kila miaka mitano na mshahara karibu pauni 60,000. Kea halipwi hata nusu ya hapo. Kwaiyo unaona, chama cha kushoto kinakuongezea miaka, cha kulia kinakufutia. Kuna watu wameuza viwanja Bunju kulipa mawakala waje kutunza wazee huku, kampuni ikanyang'anywa leseni ya kuajiri watu wa nje, ukaambiwa una siku 60 tafuta mwajiri mwingine au ondoka. Mwandishi wa Telegraph hawezi kuandika hiyo, na wa upande wa pili pia naona haiandiki sana, maana kea hapigi kelele anaogopa shifti.

Twiti ni kweli na ni chumvi. Mama mmoja mke wa diwani wa Tory Northampton alihukumiwa kifungo cha miezi 31 kwa alichoandika siku ya Southport. Wahafidhina wamemfanya shujaa wa uhuru wa kusema. Alichoandika kilitaja kuchoma moto mahoteli yaliyojaa watu, na alikiri mwenyewe mahakamani. Miezi 31 naona mingi. Shujaa naona sio. Na sisi wenye sheria ya mitandao ya 2015 tusiwacheke sana.

Shiro wa Reading:

Kitu moja mmesahau na ni ya muhimu kuliko zote. Mkenya, Mtanzania, Mganda, hata Mnyarwanda, akiwa Uingereza kihalali anaweza kujiandikisha na kupiga kura, uchaguzi wa madiwani na wa bunge, bila kuwa raia, juu nchi zetu ziko Jumuiya ya Madola. Mrundi na Mkongo kura ya bunge la Uingereza hapana, labda awe amepata uraia. Na siku ya kura wanataka kitambulisho chenye picha, pasipoti ya nyumbani inakubalika, mimi nilitoa yangu ya Kenya yule dada akaangalia picha akanipa karatasi. Runcorn, kwenye uchaguzi mdogo wa ubunge Mei 2025, Reform walichukua kiti cha Labour kwa kura sita. Sita!

Mtu wa Mbagala:

Subiri kwanza. Yaani unaweza kumpigia kura Farage na pasi ya Bongo?

Mbeba Box Midlands:

Unaweza, na wapo wanaompigia. Mmoja nafanya nae kazi, Mtanzania mwenzetu, ana ukazi wa kudumu tayari, anasema waliokuja baada yake wamekuwa wengi mno.